Kuandika, Kusahihisha na Kulala Ndani ya Muhula Mmoja: Mwongozo kwa Mhadhiri

Kazi ya mhadhiri ina wadai wengi. Mhadhara unadaiwa na wanafunzi mia mbili waliokaa ukumbini tangu saa mbili kasoro. Matokeo yanadaiwa na idara, na tarehe ya kuyawasilisha imebandikwa ubaoni. Mwanafunzi wa uzamili anadai sura yake ya tatu, mkuu wa idara anadai ripoti, nyumbani wanadai ada. Katikati ya madai yote haya kuna vitu viwili ambavyo hakuna mtu anayekuja kugonga mlango kuvidai: makala yako na usingizi wako. Kwa hiyo ndivyo vinavyokatwa kwanza kila kazi zinapozidi.

Hasara yake ni kubwa. Ukishapata uzamivu, safari ya kutoka Mhadhiri hadi Mhadhiri Mwandamizi, Profesa Mshiriki na Profesa hupimwa zaidi kwa ulichochapisha. Na anayepata usingizi wa saa nne tu kila usiku muhula mzima hawezi kuandika cha maana, hata akipewa mwaka mzima wa kuandika.

Mwongozo huu unaeleza namna ya kuvipatia vitu hivi viwili mdai, na namna ya kupunguza ukubwa wa madai mengine. Nimeuandika nikiwafikiria zaidi wenzangu wa Tanzania na Kenya, wenye madarasa makubwa na intaneti ya kubahatisha. Programu na huduma ninazozitaja ni za bure, au unazipata kupitia maktaba ya chuo chako.

Hatua ya 1: Iandike wiki yako jinsi ilivyo

Kabla ya kupanga lolote, chukua daftari uandike wiki moja ya kawaida ya muhula, saa kwa saa, jinsi inavyokwenda kweli. Usichague wiki nzuri. Andika nusu saa ya kutafuta ufunguo wa ukumbi, andika foleni, andika mwanafunzi aliyekukuta mlangoni akaomba "dakika moja tu, Dokta" ikawa arobaini, andika kikao cha saa tatu kilichoanza saa nne.

Wiki ikiisha, pitia daftari ukiwa na kalamu za rangi tatu. Rangi ya kwanza ni ya kazi ulizodaiwa na mtu, ya pili ni ya utafiti na uandishi wako, na ya tatu ni ya kupumzika na kulala. Usishangae ukikuta rangi ya pili haipo kabisa. Unachotafuta hapa ni nafasi mbili au tatu ambazo hakuna mtu anayekutafuta. Kwa wengine ni saa moja asubuhi ofisini, kabla korido haijajaa. Kwa wengine ni Ijumaa mchana, chuo kinapotulia. Nafasi hizo zizungushie duara, tutazirudia.

Hatua ya 2: Muhula wa wiki 15 upange kama una wiki 12

Ratiba nyingi zinazopendekezwa kwa wanataaluma zinadhani kwamba hakuna kitakachotokea. Kwetu kitatokea. Kutakuwa na msiba, na msibani utakwenda, tena inavyopasa. Kutakuwa na mgonjwa wa kupeleka hospitali, umeme utakatika siku ya kupakia matokeo, na kikao cha harusi ya mpwa wako kitakuwa cha nne mwezi huo. Mambo haya ni sehemu ya maisha yetu, na ratiba inayoyasahau itavunjika wiki ya tatu.

Basi fungua kalenda ya chuo siku inapotoka. Weka kwanza tarehe zisizosogea: mwisho wa kupeleka maswali ya mtihani, wiki za mitihani, mwisho wa kupeleka matokeo, vikao vya bodi. Kisha chagua wiki tatu zilizotawanyika, moja karibu na wiki ya tano, moja karibu na ya tisa, moja karibu na ya kumi na tatu, na usizipangie kazi mpya yoyote zaidi ya vipindi. Hizo ni akiba. Msiba ukitokea wiki ya nne, kazi zake zinahamia wiki ya tano bila kusukuma muhula mzima. Usipotokea, utakuwa na wiki ya kuvuta pumzi, nayo ina matumizi mengi.

Na jambo moja dogo: andaa maswali ya mtihani wa mwisho wiki ya sita, wakati mada bado ziko kichwani. Maswali yanayoandikwa usiku wa kuamkia tarehe ya mwisho ndiyo yanayoleta matatizo wakati wa kusahihisha.

Hatua ya 3: Ipe makala yako saa yake

Kuna mabishano kuhusu kuandika kila siku. Mwanasaikolojia wa Marekani Robert Boice aliwafuatilia wahadhiri miaka ya 1980, na matokeo yake ya mwaka 1989 yalionyesha kwamba walioandika kidogo kidogo kila siku walimaliza kurasa nyingi kuliko waliosubiri likizo ndefu. Waliowapita wote ni wale walioandika kila siku na pia walikuwa na mtu wa kumwonyesha walichoandika. Baadaye Helen Sword wa Chuo Kikuu cha Auckland alizungumza na wanataaluma wa nchi mbalimbali, akakuta kwamba wengi wenye machapisho ya kutosha hawaandiki kila siku.

Mimi naona kila mmoja wao ana jambo la kutufundisha. Ratiba ya kila siku si sharti, hasa kwa mtu anayefundisha kozi nne. Lakini lile la kuwa na mtu wa kukuuliza lina uzito mkubwa kwetu, kwa sababu linagusa tatizo lenyewe: makala haina mdai. Tutalifikia kwenye hatua inayofuata.

Kwa sasa, zile nafasi mbili au tatu ulizozizungushia duara ziandike kwenye ratiba ya idara kama kipindi. Ziandike hivyohivyo: "Jumanne saa 1 hadi saa 3 asubuhi, utafiti." Mtu akiomba mkutane muda huo, jibu lako ni lile unalolitoa anapoomba mkutane ukiwa darasani: nina kipindi, tuonane saa tatu na nusu. Ukianza kueleza na kuomba radhi, umeshalipoteza duara.

Ukiwa ndani ya saa hiyo, simu ikae mkobani na mlango ufungwe. Kama akili inatangatanga, tumia mbinu ambayo Mwitaliano Francesco Cirillo aliianzisha mwishoni mwa miaka ya 1980 alipokuwa mwanafunzi, akitumia saa ya jikoni yenye umbo la nyanya: dakika 25 za kazi moja tu, dakika 5 za kupumzika, kisha unarudia. Kwa kusahihisha, dakika 25 zinafaa sana. Kwa kuandika naona ni fupi, kwani mtu anaanza kupata moto ndipo kengele inalia. Jaribu 50 kwa 10.

Kila unapofunga kazi, andika sentensi moja chini ya ukurasa inayosema kesho unaanzia wapi, na iwe mahususi. "Endelea na mapitio ya maandiko" haitakusaidia. "Linganisha jedwali la pili na la nne, eleza kwa nini wasichana wa kidato cha pili wametofautiana" itakusaidia, kwa sababu siku ukirudi, hata kama umepita msiba katikati, utajua pa kushika.

Neno kwa akina mama wenye watoto wachanga, na kwa wakuu wa idara wanaowapangia kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inatoa likizo ya uzazi ya siku 84 za malipo, au 100 kwa waliojifungua zaidi ya mtoto mmoja, na inamtaka mwajiri ampe mama anayenyonyesha hadi saa mbili kwa siku ndani ya saa za kazi. Saa hizo ni za mtoto. Kumwomba mama apitie tasnifu akiwa kwenye likizo ya uzazi ni kumnyang'anya haki yake, hata ombi likiwa la upole.

Hatua ya 4: Unda kikundi cha watu watatu au wanne

Hapa ndipo makala inapopata mdai. Tafuta wenzako wawili au watatu, si lazima wawe wa idara yako. Mara nyingi ni bora wasiwe. Mnakutana mara moja kwa wiki kwa saa moja na nusu, ofisini kwa mmoja wenu au kwa njia ya video. Dakika tano za kwanza kila mtu anasema ataandika nini leo. Kisha kimya, kila mtu anaandika. Dakika kumi za mwisho kila mtu anasema amefika wapi. Basi.

Msisomeane rasimu humo. Vikundi vinavyogeuka kuwa vya kusomeana huwaogopesha wenye rasimu mbichi, nao ndio wanaohitaji kikundi zaidi. Anayetaka kusomewa aombe pembeni.

Kinachofanya kazi hapa ndicho kinachofanya kazi kwenye upatu. Mwenye kucheza upatu anatoa hata mwezi mgumu kwa sababu wenzake wanamtazama, na fedha ambayo peke yake asingeiweka inapatikana. Saa ya kuandika nayo ni hivyo. Utafika kwa sababu Mwanaidi ameshafika na anakusubiri.

Mkiweza, mara moja kwa mwaka ombeni kitivo kiwape siku tatu nje ya chuo. Hoteli ya kifahari haihitajiki. Nyumba ya wageni ya taasisi ya dini au kituo cha mafunzo Bagamoyo, Lushoto au Naivasha kinatosha, mradi kila mtu aje na data zake tayari na makala iliyoanza. Anayekuja kuanza kutafuta mada atarudi bila kitu.

Hatua ya 5: Punguza saa za kusahihisha bila kumwibia mwanafunzi

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu hapa ndipo muda wetu mwingi unapotea.

Anza na hesabu. Darasa la wanafunzi 200, kila karatasi dakika 12, ni dakika 2,400, yaani saa 40. Ukisahihisha saa nne kwa siku ni siku kumi. Ukiweza kushusha hadi dakika 8 kwa karatasi, inakuwa chini ya saa 27. Umeokoa saa 13 katika kozi moja, na saa 13 zinatosha kurudisha makala kwa mhariri.

Kushusha huko kunaanzia kwenye swali. Tuseme umeandika: "Jadili suala la lugha ya kufundishia Tanzania." Utapata kurasa nne kwa kila mtu, nusu yake historia ya Kiswahili tangu karne ya kumi na tisa, na utahangaika kuamua nani amestahili kumi na nani kumi na mbili. Sasa liandike hivi: "Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014 ilisema nini kuhusu lugha ya kufundishia? Toa sababu mbili zilizofanya utekelezaji wake uwe mgumu katika shule za sekondari, na kila sababu uipe mfano mmoja." Swali la pili linapima kufikiri kulekule, tena zaidi, na mwongozo wa alama unajiandika wenyewe: tatu kwa sera, tatu kwa kila sababu, mbili kwa kila mfano. Ukipewa ukurasa wa kusahihisha unajua unatafuta nini.

Kisha sahihisha swali kwa swali. Chukua swali la kwanza ulipitie kwenye karatasi zote, ndipo uende la pili. Faida ni mbili. Vigezo vinakaa kichwani, hivyo kasi inaongezeka. Na haki inaongezeka pia, kwa sababu mwanafunzi aliyeng'ara swali la kwanza habebwi na sifa hiyo hadi la nne, wala aliyeanza vibaya haburuzwi nayo. Kila ukimaliza swali moja, zichanganye karatasi kabla ya kuanza linalofuata, ili walewale wasikutane na uchovu wako kila mara.

Zigawe katika mafungu ya karatasi kumi na tano. Ukimaliza fungu, rudi utazame ya kwanza na ya mwisho. Kama jibu linalofanana limepata saba mwanzoni na tano mwishoni, umechoka. Simama, kunywa chai.

Kwa majaribio na kazi ambazo mwanafunzi anarudishiwa, usiandike maoni yaleyale mara mia. Tengeneza orodha ya herufi, igawe darasani mapema, na pembeni mwa aya andika herufi tu:

A – dai halina ushahidi
B – umeeleza dhana lakini hujajibu swali
C – umerudia maelezo ya darasani bila kuyatumia
D – rejeleo halipo au halijakamilika
E – hoja nzuri, iendeleze

Mwishoni andika sentensi moja ya kwake peke yake. Hiyo sentensi moja wanafunzi huisoma. Kisha tumia nusu kipindi kuzungumzia makosa yaliyojitokeza kwa wengi. Darasa litafaidika kuliko maoni mia mbili yaliyoandikwa usiku wa manane kwa mwandiko usiosomeka.

Majaribio ya kukumbuka dhana yapeleke kwenye Moodle, mfumo wa kufundishia mtandaoni ambao vyuo vyetu vingi vinautumia, yajisahihishe yenyewe. Kutunga maswali arobaini mazuri ya kuchagua kunachosha mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili unakuwa na benki ya maswali.

Hatua ya 6: Iwekee WhatsApp mipaka, na usimamizi uupe utaratibu

Usimamizi wa tasnifu unakula muda kwa sababu unafanyika vipande vipande. Ujumbe saa nne usiku, swali kwenye ngazi, faili lisilo na jina. Chagua nusu siku moja kwa wiki iwe ya wanafunzi wa uzamili na uzamivu, na ujumbe wa kwanza kwa kila mmoja uwe wa aina hii:

"Marahaba, Neema. Nimepokea sura ya pili. Nitaisoma Jumatano, tuonane Alhamisi saa 8 mchana. Njoo na ukurasa mmoja unaoeleza umebadilisha nini tangu rasimu iliyopita na unataka nikusaidie wapi. Baada ya kikao utanitumia muhtasari wa tuliyokubaliana kwa baruapepe."

Ukurasa ule mmoja unampa mwanafunzi kazi ya kufikiri kabla hajaja, na mara nyingi tatizo anakuwa ameshalitatua mwenyewe. Muhtasari nao unawalinda nyote wawili, miezi sita baadaye hakuna atakayesema "lakini Dokta uliniambia niondoe hiyo sehemu." Mafaili yapewe majina yanayoeleweka: jina la mwanafunzi, sura, tarehe.

Grupu la darasa liwe na kiongozi wa darasa kama msimamizi, na maswali yakusanywe yakufikie mara moja kwa wiki. Baada ya saa mbili usiku usijibu ya kazi. Ukijibu mara moja saa tano usiku, darasa zima litajua kwamba saa tano unapatikana.

Hatua ya 7: Tafuta maandiko bila kulipia, na marejeleo yasikupotezee usiku

Kabla ya kumwomba rafiki aliyeko Ulaya akutumie makala, nenda kwa mkutubi. Vyuo vyetu vingi vimesajiliwa Research4Life, mpango unaozipa taasisi za nchi zenye kipato kidogo majarida ya kisomi bure au kwa ada ndogo. Ulianza mwaka 2002 na Hinari ya afya, chini ya Shirika la Afya Duniani, kisha zikaongezwa AGORA ya kilimo, OARE ya mazingira, ARDI ya teknolojia na ubunifu, na GOALI ya sheria. Nywila iko maktaba. Inasikitisha kwamba wahadhiri wengi hawajawahi kuiomba.

Kwenye kivinjari chako weka pia Unpaywall. Ukifungua ukurasa wa makala inayouzwa, kufuli la kijani likitokea pembeni maana yake kuna nakala halali ya bure mahali fulani, ubofye tu. Kwa tafiti za bara letu, African Journals Online, iliyoanzishwa mwaka 1998 na yenye makao Afrika Kusini, ina majarida mengi ambayo injini za utafutaji za kawaida huyaacha chini.

Marejeleo yakabidhi Zotero, programu ya bure iliyoanzia Chuo Kikuu cha George Mason mwaka 2006. Isakinishe kwenye kompyuta pamoja na kiunganishi chake cha kivinjari. Ukikutana na makala, bofya mara moja, taarifa zote zinaingia. Ukiwa na DOI, yaani namba ya utambulisho ya makala mtandaoni, ibandike, kazi imekwisha. Ndani ya Word unachagua mtindo wa marejeleo, na mhariri akikutaka ubadilishe kutoka APA kwenda Chicago, ni suala la dakika moja.

Kwa sisi tunaoandika na kunukuu Kiswahili, kuna sehemu moja ya kuangalia. Kichwa kisicho na lugha iliyotajwa, Zotero hukichukulia kuwa cha Kiingereza, na kwa mitindo kama Chicago na MLA itakigeuza "Nafasi ya methali katika malezi" kiwe "Nafasi Ya Methali Katika Malezi." Dawa ni kufungua rejeleo, kwenda kwenye sehemu ya lugha na kuandika *sw*. Fanya hivyo kila unapoingiza kazi ya Kiswahili, usisubiri ziwe themanini.

Nafasi ya bure ya kuhifadhi mafaili mtandaoni ni MB 300, nayo hujaa haraka. Nakili folda nzima ya Zotero kwenye diski ya nje kila mwisho wa mwezi, programu ikiwa imefungwa.

Hatua ya 8: Chagua jarida kabla ya kumaliza makala

Barua inayoanza kwa kukusifu, inayoahidi kuchapisha ndani ya siku tano na inayotaja ada kabla ya kutaja wapitiaji, ifute. Majarida ya kitapeli yanawalenga hasa wanataaluma wa nchi zetu kwa sababu yanajua tunavyobanwa na masharti ya kupanda cheo. Fedha zinakwenda, na makala nzuri inazikwa mahali ambapo kamati ya chuo haitaihesabu.

Tumia orodha ya maswali ya Think. Check. Submit., iliyoanzishwa mwaka 2015, kulikagua jarida. Angalia kama limo katika DOAJ, orodha ya majarida huria iliyoanzia Chuo Kikuu cha Lund, Sweden, mwaka 2003. Humo unaweza kuchuja yasiyotoza waandishi ada. Kwa wa taaluma za Kiswahili, Swahili Forum linasomwa bure mtandaoni, na yapo majarida ya TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukishachagua, soma makala tatu za hivi karibuni za jarida hilo, ndipo uandike utangulizi wako.

Hatua ya 9: Kataa kwa adabu, na utoe njia

Kwetu kumkatalia mkubwa ni kazi. Usiseme hapana tupu, wala usikubali jambo huku ukijua hutalifanya. Sema ulicho nacho mkononi na utoe tarehe: "Mkuu, nashukuru kwa kunifikiria. Sasa hivi nina karatasi 180 za kusahihisha hadi tarehe 14. Naweza kuanza tarehe 17, au kama ni ya haraka nizungumze na mwenzangu aipokee?" Mkuu wa idara mwenye busara atachagua moja. Na vibarua vya kufundisha vyuo vingine jioni, vipime kwa hesabu ileile ya saa: nauli, foleni, karatasi. Vingine vinalipa kuliko vinavyochukua. Vingine havilipi.

Hatua ya 10: Linda sauti, mgongo na usingizi

Sauti ndiyo chombo chetu cha kazi, na tunaitumikisha vibaya. Anayefundisha watu mia tatu bila kipaza sauti analazimika kupaza koo kwa saa mbili. Dai kipaza sauti kwa maandishi. Kikikosekana, wapange wanafunzi mbele, simama katikati, na kila dakika ishirini wape kazi ya kujadili na jirani ili koo lipumzike. Maji yawe mezani. Kukohoa ili kusafisha koo kunalikwaruza. Meza mate au kunywa funda la maji badala yake. Sauti ikikauka zaidi ya wiki tatu, muone daktari wa masikio, pua na koo.

Kila dakika ishirini za kompyuta, inua macho utazame kitu kilicho umbali wa mita sita kwa sekunde ishirini. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima apate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kutembea kwa haraka nusu saa siku tano kunatosha, na vyuo vyetu vingi vina viwanja vikubwa vyenye vivuli. Pima shinikizo la damu kila unapopita zahanati ya chuo. Likisoma 140 kwa 90 au zaidi mara kwa mara, muone daktari hata kama unajisikia mzima.

Usingizi nao upe mdai. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Mwombe mwenza wako au mtoto wako mkubwa akukumbushe saa nne usiku, na kompyuta ifungwe. Watoto hupenda sana kazi hii na hawasamehe.

Hatua ya 11: Uchovu ukizidi, na likizo ikifika

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, katika orodha yake ya magonjwa ya ICD-11, lilieleza uchovu sugu wa kazi kama hali inayotokana na msongo wa kazini usiodhibitiwa, yenye dalili tatu: kuishiwa nguvu, kujitenga na kazi au kuichukia, na kuona kwamba hufanyi kazi kama zamani. Ukijikuta unawachukia wanafunzi uliokuwa unawapenda, usijilaumu kwa uvivu. Zungumza na mkuu wako kuhusu mzigo wa kozi, na zungumza na mshauri nasaha. Vyuo vingi vina washauri kwenye ofisi ya mshauri wa wanafunzi au idara ya saikolojia. Uliza kama wanapokea wafanyakazi pia.

Huzuni isiyoisha kwa wiki mbili, kukosa usingizi kabisa, au mawazo ya kujidhuru ni jambo la hospitali. Muhimbili ina idara ya afya ya akili, Dodoma kuna Mirembe, Nairobi kuna Mathari, na hospitali ya karibu inaweza kukupa rufaa. Mawazo ya kujidhuru yakija usiku, mwamshe mtu usiku huohuo.

Likizo yako ni haki ya kisheria: Tanzania ni siku 28 mfululizo kwa mwaka, Kenya ni angalau siku 21 za kazi. Jaza fomu mwanzoni mwa mwaka, kabla idara haijagawa majukumu. Wiki moja kabla ya kuondoka, mkabidhi mwenzako orodha ya yanayoweza kujitokeza, pamoja na mafaili yake na namba ya mtu wa mitihani. Kwenye baruapepe weka jibu linalojituma lenyewe, lenye tarehe ya kurudi na jina la anayekushikia nafasi, bila kuahidi kwamba utajibu "nikipata mtandao." Makala ikikuita ukiwa kijijini, andika wazo kwenye daftari, ulifunge, urudi kwa wenyeji.